Neno "Kawaida" Katika Elimu ya Takwimu

Katika biashara ya nafaka ya pwani kipo chombo kidogo kiitwacho bambo. Ni kipande cha chuma chenye ncha na mfereji ndani yake. Mnunuzi hulidunga gunia, akalivuta bambo lake, na punje zilizonaswa katika mfereji humwambia hali ya nafaka asiyoiona. Mnunuzi mwenye uzoefu hadungi mdomoni mwa gunia peke yake, maana anajua kuwa muuzaji mjanja huweka punje njema juu na takataka chini. Hudunga juu, hudunga ubavuni, hudunga kitakoni. Wala hatosheki na gunia lililo karibu na mlango, bali huchukua moja hapa na moja kule. Akipata punje njema kwa bambo la kwanza, mbovu kwa la pili, na za kadiri kwa la tatu, haoni kuwa kazi yake imeharibika. Tofauti hiyo yenyewe ni habari: humjulisha kuwa shehena ni mchanganyiko, na bei yapasa ishuke. Mtu huyu huenda hakukanyaga darasa la hesabu hata siku moja, lakini mambo mawili ya mwanzo ya elimu ya takwimu anayo kiganjani, yaani namna ya kuchukua sampuli na namna ya kuiheshimu tofauti.

Jambo la tatu ambalo mwanafunzi wa takwimu hufundishwa ni mchoro ule wenye umbo la kengele, ulioinuka katikati na kuteremka taratibu pande zote mbili. Wafasiri huuita mtawanyiko wa kawaida, na wengine husema msambao wa kawaida. Vyovyote wasemavyo katika neno la kwanza, la pili halibadiliki: ni kawaida. Makala haya yanadai kuwa neno hilo ni kosa, kuwa kosa hilo lina madhara nje ya ukurasa, na kuwa Kiswahili hakina sababu ya kulibeba.

Kwanza itazamwe kengele yenyewe. Mtu akirusha sarafu mara 100, akahesabu vichwa alivyopata, kisha akarudia zoezi hilo tena na tena, ataona kuwa idadi zilizo karibu na 50 hutokea sana, na kadiri idadi inavyokwenda mbali na 50, juu au chini, ndivyo inavyozidi kuwa adimu. Katika kila mizunguko 100, kadiri ya 96 huangukia baina ya 40 na 60. Hesabu ya jambo hili iliandikwa mwaka 1733 na Abraham de Moivre, Mfaransa wa Kiprotestanti aliyekimbilia London kwa sababu ya mateso ya dini, akaishi huko kwa kufundisha watu hesabu majumbani bila kupata kiti katika chuo chochote. Mwaka 1809 Gauss, Mjerumani, aliitumia kengele hiyo kwa makosa ya wapimaji wa nyota: wapimaji kumi wakiipima nyota moja hupata majibu kumi, na majibu hayo huizunguka nafasi ya kweli kwa mpangilio ule ule. Kwa upande wa Ufaransa, Laplace alieleza sababu yake. Kengele hutokea pale ambapo mambo madogo mengi, yasiyotegemeana, hujumlishwa pamoja, na hakuna hata moja lenye nguvu ya kuyameza mengine.

Sharti hilo la Laplace ndilo roho ya suala zima. Mambo yawe mengi, yawe madogo, yasitegemeane, yajumlishwe. Urefu wa watu wazima wa jinsia moja katika jamii moja hulikaribia sharti hilo, na kwa hiyo huikaribia kengele. Mali hailikaribii. Mali huzaa mali, na mwenye nyingi huongezewa nyingi; hapo hakuna kujumlisha bali kuzidisha. Mvua ya nchi kavu hailikaribii pia, maana mvua haiwezi kupungua chini ya sifuri, lakini juu haina dari, na dhoruba moja yaweza kuleta maji ya miezi mitatu. Ukubwa wa miji, urefu wa vita, idadi ya wasomaji wa vitabu, hasara za moto: vyote hivi vina mchoro wenye kichuguu upande mmoja na mkia mrefu upande wa pili. Dunia imejaa mikia mirefu. Kengele ni mgeni mwenye adabu anayetokea mahali maalumu kwa sababu maalumu.

Basi ikawaje ikaitwa ya kawaida? De Moivre hakuiita hivyo, wala Gauss, wala Laplace. Jina lilizuka katika miaka ya 1870, wakati Peirce wa Marekani, Lexis wa Ujerumani na Galton wa Uingereza walipolitumia karibu kwa wakati mmoja, kila mtu kwa njia yake. Aliyelieneza zaidi ya wote ni Karl Pearson wa London. Pearson alikuwa na nia ya suluhu: hakutaka Wafaransa na Wajerumani wagombanie kama kengele ni ya Laplace au ya Gauss. Lakini mwaka 1920 mwenyewe alikiri hadharani kuwa jina hilo lina ila, kwa kuwa huwafanya watu wadhani kwamba mitawanyiko mingine yote ina kasoro fulani. Ikiwa mlezi wa jina amelilalamikia tangu 1920, wafasiri wa Kiswahili wanalitetea kwa niaba ya nani?

Tena waangalie walichokifanya katika kufasiri. Neno la Kiingereza limetoka katika Kilatini, ambako *norma* ni pembe mraba ya seremala, chombo cha kunyooshea. Walakini Waingereza wamelitumia kwa maana nyingi hata ukali wake umefifia kidogo. Kawaida ya Kiswahili haikufifia. Ina asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na kaida, na asili hiyo ni msingi na kanuni. Mswahili asemapo kuwa jambo fulani ndiyo kawaida yake, asema kwamba ndivyo lilivyo siku zote na ndivyo linavyotazamiwa liwe. Asemapo kuwa jambo si la kawaida, hukaza uso. Mtoto asiye wa kawaida, mvua isiyo ya kawaida, homa isiyo ya kawaida: katika kila msemo huu mna hofu au shutuma. Hivyo mwanafunzi aambiwapo kuwa kengele ni mtawanyiko wa kawaida, huwa ameambiwa mambo mawili ambayo hakuna hesabu iliyoyathibitisha. La kwanza, kwamba vitu vingi ndivyo vilivyo. La pili, kwamba visivyokuwa hivyo vina walakini. Hayo hakuambiwa kwa hoja ambayo angeweza kuipinga. Yameingia naye darasani yakiwa yamejificha ndani ya jina.

Watasema watetezi kuwa jina ni jina tu, na mwanafunzi mwerevu atazoea. Na watazame basi mahali ambapo jina limekwisha kuwa amri. Katika nchi nyingi wamepatikana walimu na watahini wanaoamini kwamba alama za mtihani lazima zifanye kengele, na zisipofanya huzisukuma mpaka zifanye. Mwalimu ana wanafunzi 40. Amewafundisha kwa bidii, nao wameelewa. Karatasi zao zinaonyesha hivyo. Mkaguzi anatazama orodha na kusema kuwa waliofaulu ni wengi mno, si kawaida. Wanafunzi sita wanashushwa, si kwa kuwa hawakujua, bali kwa kuwa mchoro unadai watu wa kukaa katika mkia wake wa kushoto. Au tuseme mambo ni kinyume. Nusu ya darasa wana vitabu na nusu hawana, na alama zao zinafanya vilima viwili vyenye bonde katikati. Bonde hilo ni barua iliyo wazi. Lasema kuna madarasa mawili katika chumba kimoja. Mtu mwenye bambo angeisoma barua hiyo mara moja. Mwenye imani ya kengele huvilazimisha vilima viwili kuwa kimoja, na habari iliyokuwa na thamani kuliko alama zote hufukiwa.

Ikumbukwe kuwa darasa la watu 40 si sampuli iliyochukuliwa kwa bahati nasibu. Wamechujwa kwa mtihani uliotangulia, kwa karo, kwa umbali wa shule, kwa utashi wa wazazi. Kufundisha nako ni juhudi ya makusudi ya kuwatoa watu katika bahati. Darasa ambalo alama zake zinafuata kengele sawasawa huenda likawa ni darasa ambalo mwalimu hakulibadilisha kitu.

Kosa la pili lina mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1835 Adolphe Quetelet, mnajimu wa Brussels, aliuzua ulimwenguni mtu wa wastani. Baadaye, mwaka 1846, alichapisha vipimo vya vifua vya askari wa Uskoti 5,738, akaonyesha kuwa vinafuata kengele ambayo katikati yake ni karibu inchi 40. Hadi hapo hakuna ubaya. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini Quetelet aliisoma kengele ya vifua kama alivyozoea kuisoma kengele ya nyota. Kwa mnajimu katikati ni nyota ya kweli, na vipimo vya pembeni ni makosa ya wapimaji. Basi kwake yeye mtu wa wastani akawa ndiye mtu wa kweli ambaye maumbile yalimkusudia, na askari mwenye kifua cha inchi 36 akawa ni kosa la maumbile. Tofauti, ambayo kwa mnunuzi wa nafaka ni habari, kwa Quetelet ikageuka kuwa upungufu.

Mtu huyo wa wastani alitafutwa kwa dhati zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani liliwapima marubani zaidi ya 4,000 ili lirekebishe vyumba vya kurushia ndege, ambavyo hapo kabla vilitengenezwa kwa vipimo vya mtu wa wastani. Luteni Gilbert Daniels alichukua vipimo kumi vya mwili, kama vile urefu, kifua na mkono, akaruhusu nafasi ya kutosha upande huu na upande huu wa wastani, kisha akatafuta marubani walio wastani katika vyote kumi. Katika watu 4,063 hakumpata hata mmoja. Mwenye urefu wa katikati alikuwa na mkono mrefu. Mwenye kifua cha katikati alikuwa na mguu mfupi. Chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani kilikuwa hakimfai mtu yeyote.

Kama Quetelet aliiabudu katikati, Galton aliyatazama mapembe. Katika kitabu chake cha mwaka 1869 juu ya urithi wa vipaji aliitwaa kengele, akaikata madaraja kwa herufi, akawapanga watu humo kwa akili. Kisha akapanga mataifa mazima, na Waafrika akawaweka madaraja mawili chini ya Waingereza. Neno kawaida hakuwa amelitumia bado kwa kengele, na ni haki kulisema hilo. Lakini msomaji na aulize swali la mnunuzi wa nafaka: bambo lilidungwa wapi? Halikudungwa. Hapakuwa na sampuli ya akili za Waafrika iliyochukuliwa. Palikuwa na masimulizi ya wasafiri na kumbukumbu za Galton mwenyewe, ambaye aliwahi kutembea kusini-magharibi mwa Afrika tangu 1850 hadi 1852. Wala mtawanyiko haukuheshimiwa. Bara lenye watu wa kila hali lilipewa nukta moja, na nukta hiyo ikachorewa kengele ya kukisia.

Na hayo hayakubaki kitabuni. Mwezi Juni mwaka 1873 Galton aliandika barua katika gazeti la *The Times* la London akishauri kwamba serikali yake ihimize Wachina wahamie pwani ya Mashariki ya Afrika, wazaliane, na hatimaye wachukue mahali pa Waafrika ambao aliwaona duni. Pwani hiyo ndiyo ya Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Kilwa, nayo wakati huo ilikuwa na mahakimu, mashairi, majahazi na vitabu vya hesabu za urithi ambavyo huwagawia warithi haki zao bila kukosea sehemu ya nane. Ushauri wake haukufuatwa. Miaka kumi baadaye, 1883, alitunga jina la elimu mpya ya kuchagua nani azae na nani asizae. Mswahili anayelikaribisha neno la watu hawa katika lugha yake na kulipa kiti cha heshima cha kawaida, alau ajue linakotoka.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo ina uzito, na haifai kupitwa kimya. Wataalamu husema: kweli vitu vingi havifuati kengele, lakini wastani wa sampuli huifuata. Chukua mali, ambayo mchoro wake una mkia mrefu. Chagua watu 400 kwa bahati nasibu, tafuta wastani wao, uandike. Chagua wengine 400, fanya vivyo hivyo, na uendelee. Wastani hizo zilizoandikwa zitajipanga kwa umbo la kengele kwa kadiri nzuri, ingawa mali yenyewe haina umbo hilo. Hii ni mojawapo ya kanuni zenye manufaa makubwa kupita zote ambazo akili ya binadamu imepata kuzigundua. Kwa sababu yake watu 1,000 waliochaguliwa vizuri huweza kusema habari za taifa zima kwa kosa la kadiri ya 3 katika 100, kama vile kijiko kimoja kinavyomtosha mpishi, chungu kiwe cha watu watano au cha watu mia, maadamu mchuzi umekorogwa. Kwa sababu yake pia inajulikana kuwa anayetaka kulipunguza kosa hilo kwa nusu hawezi kuongeza watu mara mbili. Lazima awaongeze mara nne.

Hoja hiyo ikubaliwe yote. Lakini inasema nini? Inasema kuwa kengele ni tabia ya makosa ya mpimaji aliyechukua sampuli kwa haki. Si tabia ya watu wanaopimwa. Kuiita kengele kawaida ya watu kwa sababu ni kanuni ya makosa ya mpimaji ni kurudia kosa la Quetelet kwa ustadi mpya. Kadhalika, hoja ina sharti lake: watu wachaguliwe kwa bahati nasibu. Pasipo sharti hilo wingi haufai kitu. Mwaka 1936 jarida la *Literary Digest* la Marekani lilituma karatasi za kura kwa watu milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo yote isipokuwa mawili. Majina yalitolewa kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika nchi iliyokuwa na njaa ya mdororo wa uchumi. Tena waliojisumbua kujibu hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, kwa watu wachache sana kuliko hao, alimtaja mshindi wa kweli. Lile lilikuwa bambo kubwa kupita yote yaliyopata kutengenezwa, nalo lilidungwa mdomoni mwa gunia. Jarida lenyewe lilikufa mwaka 1938.

Hoja nyingine ya watetezi ni ya mitihani. Wanasema mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania atalikuta neno la Kiingereza katika karatasi ya mtihani, kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno humsaidia kukumbuka. Msaada huu ni wa mkopo wenye riba. Kiingereza kina maneno mawili mbalimbali: moja kwa kengele, na jingine kwa kile kipimo cha umbali wa kadiri baina ya vitu na wastani wao. Wafasiri, kwa kuwa walikwisha kuzoea kawaida, waliyatia yote mawili katika neno hilo, na wakapata mtawanyiko wa kawaida na mchepuko wa kawaida katika sentensi moja. Mwanafunzi hudhani kuwa kipimo cha pili ni mali ya kengele peke yake, na kuwa pasipo kengele hakipo. Sivyo. Mvuvi mmoja apate kilo 19, 20 na 21 kwa siku tatu. Mwingine apate 0, 5 na 55. Wastani wa wote wawili ni 20. Ukizitafuta tofauti zao na 20, ukazizidisha kila moja kwa nafsi yake, ukajumlisha, ukagawanya kwa 3 na kutafuta kipeo cha pili, utapata pungufu ya 1 kwa wa kwanza na karibu 25 kwa wa pili. Hapakuhitajiwa kengele yoyote, na tofauti baina ya nyumba yenye chakula na nyumba yenye mashaka imeonekana wazi. Ama neno mchepuko, limekwisha kuchukuliwa na mitaa kwa shughuli nyingine, na mwalimu anayelitamka darasani hana budi kungoja kicheko kiishe.

Majina bora hayako mbali. Kengele na iitwe mtawanyiko wa kengele: jina hilo linasema umbo na kunyamaza, halimshutumu aliye nje yake, wala halimpi Gauss haki ambayo de Moivre aliitangulia kwa miaka 76. Kipimo cha pili na kiitwe mkengeuko sanifu, kwa kuwa sanifu ni neno ambalo msemaji wa Kiswahili amekwisha kulizoea katika jina la lugha yake iliyopangwa. Wastani ubaki wastani, na sampuli ibaki sampuli, ingawa wauza nafaka wana haki ya kudai kuwa bambo lilitangulia. Vitabu vya Kiswahili vya elimu hii bado ni vichache, maana sekondari na vyuo vimesomesha hesabu kwa Kiingereza tangu zamani. Uchache huo ni hasara, lakini kwa jambo hili unafaa: yaliyokwisha kuchapwa si mengi, na mhariri mwenye kalamu nyekundu anaweza kuyapitia kabla hayajawa mengi.